Songea Mbano: Shujaa Aliyewatisha Mababu Zetu

Wanachuo wenzangu, mimi ni mtoto wa Kitomanga. Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Lindi au Mtwara, basi umeshapita kwetu, pengine ulikuwa umelala. Ukishaiacha Nangurukuru na kuvuka Mbwemkuru, kabla hujafika Mchinga, utaona nyumba kando ya lami, minazi na mikorosho, na msimu ukiwa mzuri utaona ufuta. Hapo ndipo kwetu.

Bibi yangu, Mmwera, alikuwa na neno moja la kututisha sisi wajukuu tulipokataa kuingia ndani magharibi. Alisema Mgwangwara anakuja. Ana ngao kubwa ya ngozi, hapigi hodi, na anachukua watoto wasiosikia. Tukawa tunakimbilia ndani huku tunasukumana mlangoni. Tulidhani ni jini fulani la porini.

Baadaye shuleni nikafundishwa mashujaa wa vita vya Majimaji, na mmoja wao alikuwa Songea Mbano wa Ungoni. Nikakariri jina, nikafaulu mtihani, nikasonga mbele. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba Magwangwara ni jina ambalo watu wa kusini na pwani waliwaita Wangoni. Yaani yule wa bibi na yule wa kitabuni walikuwa watu wa jeshi moja.

Nililigundua hilo kwa aibu. Nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya mkoani kwetu, nilipewa mada ya Majimaji. Nikaandika ubaoni majina ya mashujaa kwa mwandiko mzuri kabisa. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kama hao Wangoni sio wale wale waliokuwa wanakuja kuteka watu wa huku kwetu. Darasa zima likanigeukia. Nikatoa jibu la mwalimu asiyejua: tutaliona kipindi kijacho. Usiku huo niliyaweka madesa pembeni nikaanza kusoma upya. Makala hii ni matokeo ya usomaji huo.

Safari ndefu kutoka kusini

Maisha ya Songea yana mizizi mbali sana na Mto Ruvuma. Mwanzoni mwa karne ya 19 nchi ya Wanguni huko Afrika Kusini ilikuwa inatokota. Shaka wa Wazulu aliwavunja Wandwandwe, na waliokataa kukaa chini yake wakatawanyika. Mmoja wa viongozi waliohama ni Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Karibu na mwaka 1820 aliondoka na watu wake kuelekea kaskazini, wakapita kusini mwa Msumbiji, wakaingia katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Novemba 1835 wakavuka Mto Zambezi, siku ambayo jua lilipatwa, ndiyo maana tarehe yake inakumbukwa mpaka leo.

Miaka ya 1840 walikuwa Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki. Ugomvi wa urithi ukaligawa kundi. Sehemu moja, chini ya Zulu Gama, ikazunguka mpaka ikaingia katika nchi ya Songea ya leo. Huko wakawakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliokuwa wamekuja kwa njia yao. Wakakaa pamoja kwa muda, kisha wakapigana, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakasukumwa warudi kusini. Zikabaki himaya mbili za Wangoni: Njelu chini ya ukoo wa Gama, na Mshope kaskazini yake chini ya ukoo wa Tawete.

Sasa tupige hesabu kidogo. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 3,000 kwa miguu na ilichukua miongo kadhaa. Wengi walioianza hawakufika, na wengi waliofika hawakuianza. Kila nchi waliyopita walichukua vijana, wanawake na watoto, na kizazi kilichofuata kiliwachukua wengine tena. Ukoo wa Mbano wenyewe unahesabiwa katika koo zilizoingia njiani, katika nchi ya Wakalanga wa Zimbabwe. Kwa hiyo mtu ambaye leo tunamtaja kama Mngoni wa Wangoni alitoka katika ukoo uliookotwa safarini.

Ngazi ya Wangoni

Hapa ndipo ilinibidi nisome taratibu, kwa sababu bila kuuelewa mpangilio wa jamii yao huwezi kumwelewa Songea.

Juu kabisa alikaa nkosi, mfalme, kutoka ukoo wa kifalme. Chini yake walikuwa manduna, wakuu wa majeshi na wa maeneo. Kisha zikaja koo za asili ya kusini, zikifuatiwa na koo zilizoungana nao njiani. Chini kabisa walikuwa wasutu, yaani mateka na watu walioshindwa: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wayao na wengine wengi. Wasutu ndio waliokuwa wengi. Wangoni wa asili walikuwa kama chumvi kwenye mchungu wa wali.

Kilichoishikilia ngazi hiyo ni vita. Silaha zao zilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, rungu na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Jeshi liliingia likiwa limejigawa, kifua katikati na pembe mbili za kuzunguka, kama walivyojifunza kwa Wazulu. Lakini ukitazama vizuri, shabaha kubwa ya vita hivyo ilikuwa watu. Nduna alipimwa kwa watu alionao: wanaume wa kwenda naye vitani, wanawake wa kulima, watoto wa kukua chini ya jina lake. Mwenye watu wengi alisikilizwa barazani hata na mfalme.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza. Kijana aliyetekwa hakuachwa kuwa mtumwa wa kufungiwa. Aliwekwa katika nyumba ya Mngoni, akakua humo, akajifunza ngao na mkuki, na siku ikafika akaenda vitani pamoja na waliomteka. Akionyesha ushujaa na kuleta mateka wake mwenyewe, naye alianza kuwa na watu. Aliyeporwa jana alikuwa mporaji wa kesho. Ndivyo kundi dogo lilivyoweza kuwa taifa: lilimmeza mtu, kisha likamfanya naye awe mdomo wa kumeza wengine.

Jamii za namna hii hazikuwa Afrika tu. Waanglo-Saksoni, walioitawala Uingereza kabla ya Wanormani kuingia mwaka 1066, nao walikuwa na mfalme, mashujaa waliomzunguka na kulishwa naye, watu huru wa kawaida, na watumwa chini. Kwao hata damu ilikuwa na bei kwa ngazi: katika ufalme wa Wessex, fidia ya kumuua bwana mkubwa ilikuwa shilingi 1,200 na ya mtu huru wa kawaida shilingi 200. Mtumwa hakuwa na fidia ya aina hiyo. Kilicholipwa kilikwenda kwa mwenye mali. Nilipoyasoma hayo nikaona kwamba swali la yule binti lingeweza kuulizwa hata darasa la Uingereza: shujaa wa nani?

Nduna

Songea alipanda ngazi hiyo mpaka mahali pa juu kabisa ambapo mtu asiye wa ukoo wa Gama angeweza kufika. Hakuweza kuwa nkosi wa Njelu. Lakini kama nduna alikusanya watu na jina mpaka nguvu yake ikazidi ile ya ndugu wengi wa mfalme. Wageni walipofika Ungoni, yeye ndiye waliyemtafuta. Ukitaka kujua ukubwa wake, tazama ramani: mji wa leo haukupewa jina la nkosi yeyote, ulipewa jina la nduna.

Enzi zake zilikuwa enzi za vita vikubwa. Kati ya 1878 na 1882 Wangoni walipambana na Wahehe, mataifa mawili ya mikuki, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Njia ya kule ilipokuwa ngumu, majeshi ya Ungoni yaliendelea kushuka mashariki, kuelekea nchi za Wamwera, Wamakua na Wayao. Huku kwetu.

Tukio lililoandikwa vizuri zaidi ni la Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakatembea bara na kuanzisha kijiji cha misheni Masasi. Watu wale walishaonja minyororo mara moja. Mwaka 1882 jeshi la Magwangwara likaivamia Masasi, likaua na kuondoka na mateka. Misheni ikahamia Newala. Fikiria mtu aliyetolewa utumwani Unguja, akarudi kusini akidhani amepona, halafu anachukuliwa tena.

Lakini nisiwatupie Wangoni mzigo wote, maana sisi wa pwani tuna sehemu yetu. Wangoni waliwabakiza mateka wengi katika nyumba zao, ila wengine waliuzwa pamoja na pembe za ndovu. Nani alinunua? Wafanyabiashara wa pwani, kama Rashid bin Masoud aliyekuwa na kituo chake Kikole huko Ungoni. Misafara iliishia wapi? Kilwa Kivinje na bandari nyingine za ukanda wetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara haikufa siku hiyo. Kwa hiyo mtu wa Kilwa au Lindi anayemnyooshea kidole Mgwangwara aangalie pia nani alikuwa anamsubiri ufukweni.

Boma

Mwaka 1897 Wajerumani waliingia Ungoni chini ya afisa aliyeitwa Engelhardt. Wakuu wa Kingoni waliitwa mkutanoni, wakajikuta wamezingirwa na askari wenye bunduki. Jeshi lililotisha nusu ya kusini likawekwa chini bila vita kubwa. Wajerumani wakajenga boma karibu na makao ya Songea, na mji ukaota hapo. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho.

Kisha yakaja mambo ambayo sote tunayajua kutoka vitabuni: kodi ya nyumba kuanzia 1898, kazi za kulazimishwa, viboko. Kwa manduna kulikuwa na pigo jingine ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka. Mashambulizi yalipigwa marufuku. Bila vita hakukuwa na mateka wapya, na wasutu wa zamani wakaanza kuona kwamba wanaweza kumkimbia bwana wao na kujenga mahali pengine. Ngazi ikaanza kulegea misumari. Mzee kama Songea aliyejengwa na watu sasa aliwaona watu wanampungukia siku hadi siku.

Wanahistoria wanasema hiyo ni moja ya sababu za wakuu wa Ungoni kuingia Majimaji: walichukia dhuluma ya Mjerumani, na pia walitaka kurudisha enzi yao. Mimi sioni kwa nini tuifiche sababu ya pili. Mtu anaweza kupigania uhuru na papo hapo akapigania cheo chake.

Maji kutoka pwani

Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeeneza dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yalishaanza kusafiri. Yalikuja kwa Wamwera wetu, na misheni ya Nyangao ikateketezwa. Yakaenda kwa Wangindo. Kisha mjumbe aitwaye Kinjala akayafikisha Ungoni, kwa Chabruma wa Mshope na kwa wakuu wa Njelu.

Tulitazame jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa mashariki walikuwa wamewakimbia Wangoni milimani na porini. Sasa dawa inatoka kwao, inapelekwa kwa waporaji wao wa jana, wakiombwa wasimame upande mmoja. Na Wangoni, wenye kiburi cha vita vyao, wakakubali kunywa maji ya watu waliokuwa wakiwateka. Sijui kama kuna jambo kubwa zaidi ya hilo katika Majimaji yote.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Oktoba 21, 1905, huko Uwereka, kikosi cha Kapteni Nigmann kiliishambulia kambi ya Wangoni wapatao 5,000 kabla hakujapambazuka. Mkuki mfupi unahitaji kumfikia adui. Bombomu haikuwaacha wafike. Waliosalia walikimbia huku wakitupa maji na kusema wamedanganywa. Baada ya hapo wakuu waligeukia vita vya kuvizia porini, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji na chakula. Mmoja mmoja wakakamatwa, Nkosi Mputa Gama akiwemo, na Songea pia.

Kamba

Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga watu 67 mjini Songea, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Songea hakuwa katika kundi hilo. Simulizi za huko zinasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, pengine kwa sababu mtu mwenye jina lile angewafaa kuwatuliza wengine. Zinasema yeye alikataa, akataka afe kama walivyokufa wenzake. Siku chache baadaye naye akanyongwa, akazikwa peke yake jirani na wenzake.

Nimelifikiria sana hilo. Mtu aliyepimwa maisha yake yote kwa idadi ya watu alionao, siku ya mwisho watu wake walikuwa kaburini. Angebaki, angekuwa nduna wa nani?

Wazao wake wanaeleza kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwamba kaburi lake Songea lina kiwiliwili tu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Uhehe mwaka 1954. La Songea bado linatafutwa. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na familia, akaomba radhi na kuahidi msaada wa kulitafuta.

Nyuma ya kamba ikaja njaa. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo vya Majimaji kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 na zaidi, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Njaa haikuuliza nani Mngoni na nani Mmwera.

Kipindi kilichofuata

Nilirudi darasani. Nikamwambia yule binti kwamba ndiyo, ni wale wale. Wangoni waliomfanya bibi yangu anitishe ndio waliosimama na Wamatumbi, Wangindo na Wamwera mwaka 1905. Darasa likaanza kubishana, wengine wakitaka tumfute Songea kwenye orodha, wengine wakisema yaliyopita yamepita.

Nikawaeleza kuhusu ile ngazi. Nikawaambia wengi wa wale waliobeba ngao za Ungoni mwaka 1905 walikuwa wasutu, watoto na wajukuu wa mateka. Hata lugha inashuhudia: Kingoni cha Songea leo kimejengwa zaidi kwa lugha za wenyeji kuliko Kinguni cha Zwangendaba, kwa sababu mtoto hunyonya na lugha ya mama, na mama wengi walikuwa wametekwa. Kwa hiyo waliokufa Uwereka, au walionyongwa, huenda baadhi yao damu yao ilitoka huku kwetu. Mtoto aliyechukuliwa Umwera akakua, akazaa, na mjukuu wake akafa akiitwa Mngoni.

Vitabu vyetu vinaiweka safari ya Wangoni katika mada moja na Majimaji katika mada nyingine kabisa, na mwanafunzi anaondoka bila kujua kwamba anasoma habari za watu wale wale. Wanachuo tunaosomea ualimu, tukipata madarasa yetu, tuziunganishe. Tusimpunguzie Songea ujasiri wake mbele ya kamba, na tusiwanyamazishe waliotekwa Masasi. Watoto wanaweza kubeba yote mawili. Aliyeshindwa siku ile alikuwa mimi.

Likizo iliyopita nilimsimulia bibi habari hizi, nikamwambia kuhusu kaburi la Songea na kuhusu kichwa kisichorudi. Alikuwa anapepeta ufuta. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama huyo Mgwangwara ana watu wa kumlilia. Nikamjibu wapo, na kila Februari wanakusanyika kaburini. Akasema basi ni vizuri, akaendelea na ufuta wake.